Pole ya Mtani

Jumapili, 31 Julai 1994

Padri leo kahubiri mpaka watoto wakasinzia. Mimi sikusinzia. Nilikuwa namwangalia mjukuu wangu Noela kwenye benchi la wasichana — anamwigiza padri anavyosukuma miwani juu ya pua! Wenzake wanabana vicheko, mabega yanatikisika. Tulipotoka nje nimemfinya. Anasema bibi sikufanya kitu, pua ilikuwa inawasha. Pua! Mtoto huyu hana pua wala masikio, ni mdomo mtupu kaumbwa nao.

Scolastica jirani kanishika njiani na habari zake. Safari hii za kweli. Mwalimu Osward, yule wa darasa la saba, amerudi. Alikwenda kwao Songea, mama yake amefariki. Amerudi amekonda, kichwa kimenyolewa, hasemi na mtu.

Mwalimu yule namheshimu, na mimi siheshimu ovyo. Ni mgeni hapa Ifakara, hata mwaka hajamaliza. Kapewa darasa lililojaa kama dagaa kwenye ungo, nusu wanakaa chini, lakini analishika. Noela kashapigishwa magoti naye kwa kuropoka. Nilikwenda nikamwambia mchape mwalimu, usimwonee haya, mdomo wake ni redio iliyokatika kitufe. Akacheka. Ana meno mazuri.

Mchana Noela kaniuliza. Bibi, kesho mwalimu akiingia tumwambie nini? Wenzake wanataka kumwimbia wimbo wa pole. Nikamwambia wimbo wa nini! Mtu katoka Songea, si Mngoni huyo? Wangoni na sisi Wapogoro ni watani tangu zamani za mikuki. Mngoni hapewi pole ya kulialia. Anapewa pole ya mtani.

Na Noela anaijua hiyo pole. Alipokufa mama yake — binti yangu Jane, sitaki kuandika zaidi hapo — mtoto alikaa pembeni msiba mzima. Hali. Halii. Macho makavu kama ya samaki wa kuanika. Wamama wanamwimbia, wanamkumbatia, wapi. Ndipo akaja Raimundi, Mngoni wa gengi ya watengeneza reli. Kapita katikati ya waliaji na viatu vyake vya grisi, kasema kwa sauti: Afadhali kafa huyu! Mchoyo, ugali wake ulikuwa mdogo kama sabuni ya gesti! Hilo sufuria lake nipeni mimi, kaburini hakuna jiko! Tukampa. Mtani akiomba kitu cha marehemu hanyimwi. Akalivaa kichwani kama kofia ya polisi, akapiga saluti. Noela akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, machozi yote yaliyogoma yakatoka. Jioni ile akala.

Basi tumekaa jikoni tunatunga, mimi na yeye. Anasema neno, naongeza neno. Tumecheka mpaka maharage yameungua.


Jumatatu, 1 Agosti

Noela kaingia bila hodi, bila shikamoo. Kajilaza kifudifudi.

Ulimpa mwalimu pole yake? Nilimpa. Akafanyaje? Alitoka. Alitoka kwenda wapi? Kajifunika kanga kichwani.

Miguuni mistari ya fimbo. Nani kakuchapa, yeye? Hapana, mwalimu mkuu. Kachapa darasa zima.

Mngoni gani huyu anayekimbia utani! Kesho nakwenda mwenyewe.


Jumanne, 2 Agosti

Nimevaa kitenge cha Pasaka, nimekwenda shuleni. Mwalimu mkuu Stanislaus kanikaribisha ofisini — shikamoo bibi, karibu kiti. Mtu wa taratibu. Anaongea kama anayepima chumvi.

Kanieleza. Watoto walisimama wote wakasema pole mwalimu. Wakakaa. Noela akabaki wima. Akasema — na mwalimu mkuu aliyasoma kwenye kikaratasi, uso umemkauka — "Pole ya nini? Heri bibi yule kafa, alikuwa mlafi! Mngoni akipungua na sisi tunashiba. Na jembe lake tuletee, huko alikokwenda halimi."

Darasa likacheka. Mwalimu Osward hakumgusa mtoto. Aliweka chaki mezani, akatoka, akavuka uwanja, akaenda zake. Watoto walipoona mwalimu hayupo, basi! Ikawa gulio. Wengine juu ya madawati, wengine wanamwigiza mwalimu anavyotembea, kioo cha dirisha kikavunjwa, madarasa ya jirani nayo yakaingia kelele. Ndipo mwalimu mkuu akaja na fimbo.

Nikamwambia huo ni utani tu, mwalimu. Akasema bibi, shuleni hakuna utani. Shuleni kuna nidhamu. Nikamwambia hata mimi nidhamu naipenda, lakini mwalimu wenu ndiye aliyeliacha darasa, mtoto angefanyaje, akashike chaki?

Hakukasirika. Kaniangalia. Akasema tulimwuliza Noela nani kamfundisha maneno yale. Kasema katunga mwenyewe. Tumemwuliza mara nyingine, kasema mwenyewe.

Ananiangalia tu, kama mtu aliyesogeza kiti na anasubiri mgeni akae.

Na mimi sikusema. Nilijiambia utani haufundishwi, unarithiwa. Mdomo wangu huu ambao haujawahi kukosa neno!

Nikatoka. Na badala ya kushika njia ya nyumbani nikapita dirisha la darasa la saba, lile lililovunjika. Mwalimu Osward yuko ubaoni, kaupa mgongo mlango. Nikaona niyamalize mwenyewe kwa njia ya wakubwa. Nikapaza sauti: We Mngoni! Babu zako walituibia ng'ombe hawakukimbia, wewe unamkimbia mtoto wa kike?

Hakuna aliyecheka. Hata watoto! Watoto wanaocheka kuku akianguka! Mwalimu aligeuka kidogo, akasema "Shikamoo bibi," pole pole, akarudi kuandika. Chaki ikavunjika mkononi mwake.

Mwalimu mkuu kanisindikiza mpaka barabarani kama anayemtoa mlevi. Kasema Alhamisi ya wiki ijayo kamati ya shule inakaa. Mwalimu aliyetukaniwa marehemu mama yake mbele ya darasa — kamati haitacheza. Huenda Noela akafukuzwa. Na mtihani wa kumaliza la saba ndio huo unabisha hodi. Asiyekaa kwenye mtihani huo kashika jembe maisha. Kama mimi.

Kabla hajaniacha kaongeza: Mtoto hakukutaja, bibi. Na mimi sitaiambia kamati nisichoambiwa.


Jumatano, 3 Agosti

Wamempa Noela kisiki.

Nyuma ya madarasa kuna kisiki cha mkwaju, mti uliokatwa walipojenga choo. Mizizi imeshika ardhi kama mdai aliyeshika shati la mdeni. Adhabu yake akichimbe mpaka kitoke. Wenzake ndani wanasoma hesabu, yeye nje anachimba. Nimesimama nje ya ua wa michongoma nikamwona. Jembe la shule limelegea, kila akipiga linachomoka mpini, analirudisha, anapiga tena.

Sipingi adhabu. Niandike wazi hapa. Mimi nimelea kwa fimbo na sijaomba radhi kwa mtu. Lakini adhabu ni ya kosa, na mimi kosa bado silioni! Au wametunga sheria mpya, utani ukahamia kwenye matusi, hawakunitangazia?

Scolastica anasema watoto wote hawamsemeshi. Walichapwa kwa ajili yake. Wamempa jina — Matanga. Akipita wanajifanya kulia, wanaweka mikono kichwani, "Matanga huyoo!" Watoto wa siku hizi wana adabu ya nyani.

Jioni nimemwambia Noela niigizie padri. Kasema sijisikii bibi. Kaosha vyombo. Kalala.

Miaka yote namwambia nyamaza, nyamaza. Sasa kanyamaza. Siutaki ukimya huu. Nimegombana na jogoo ili nyumba iwe na sauti.


Ijumaa, 5 Agosti

Nimekwenda stesheni kumtafuta Raimundi. Nilikuwa na hesabu yangu kichwani: Mngoni aje mbele ya kamati, aseme yeye mwenyewe kwa mdomo wake kwamba ule ulikuwa utani wa haki. Nani atambishia Mngoni juu ya Ungoni?

Nimemkuta na wenzake wa gengi kwa mama muuza chai. Hajawahi kuniamkia tangu tufahamiane, mtani haamkii mtani. Kaniona tu kaanza.

— Nani kaiacha wazi milango ya makaburi? Bibi huyu katokaje?

— Nimetumwa nikuchukue wewe, mwizi. Huko chini wanasema ng'ombe wao hawajarudi.

— Kaeni mbali jamani, Mpogoro akikohoa mvua inakatika!

— Na Mngoni akioga samaki wanahama!

Kachukua andazi langu kabla sijaligusa, kala. Wenzake wanacheka mpaka chai inawatoka puani. Nikajisikia mtu tena. Nikamweleza yote — mwalimu, msiba, Noela, kisiki, kamati. Mwanzoni alikuwa anatikisa kichwa na kucheka, safi mtani wangu, jembe tuletee, safi kabisa! Kisha akaniuliza jina la huyo mwalimu.

Osward. Osward nani? Osward Ndunguru.

Akaweka kikombe chini.

— Mama, akasema. Hajawahi kuniita mama. Siku zote naitwa kikongwe. — Mama, Ndunguru si Mngoni. Ndunguru ni Mmatengo. Kwao Mbinga, juu milimani kwenye kahawa.

Nikasema si hukohuko Songea! Watu wote wanasema katoka Songea!

— Basi likitoka kule linaandikwa Songea. Ndiyo kabila hilo? Wewe nikikuita Mbunga kwa kuwa unakaa Ifakara, utaniacha salama?

Nitakupiga mwiko wa kichwa, nikamwambia.

— Umeona.

Wenzake wakageukia chai zao. Raimundi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwalimu yule anamfahamu, alimwona na begi lake siku anasafiri. Taarifa ilimfikia imechelewa. Mabasi nayo, njia ile, unalala Makambako. Alifika mlimani kaburi limeshafukiwa. Hata kiganja cha udongo hakumtupia mama yake.

Yaani mtu hakumzika mama yake. Karudi, kasimama mbele ya watoto anaowafundisha, na mtoto asiye mtani wake wala nduguye kamwambia heri kafa.

Huo si utani. Hilo ni tusi. Na tusi lile limepikwa jikoni kwangu.

Raimundi alitaka kunisindikiza. Nikamwambia niache, najua njia.


Jumamosi, 6 Agosti

Sina la kuandika.

Nimemkumbuka mwalimu pale dirishani. Nilimwita mwizi wa ng'ombe. Akaniambia shikamoo.


Jumapili, 7 Agosti

Nimekwenda misa. Sikupokea komunyo. Scolastica kanitolea macho mpaka shingo ikageuka kama ya bundi. Atazame.

Noela hakuigiza mtu.


Jumatatu, 8 Agosti — Nane Nane

Sikukuu ya wakulima. Watu wamekwenda kusikiliza hotuba na ngoma. Mimi mkulima nimejitwisha mchele mpya kwenye ungo, nimefunika na kitambaa safi, nimekwenda nyumba ya mwalimu kule upande wa mto Lumemo.

Njiani miguu ilitaka kurudi, si mara moja. Nimeisema. Aurelia, ulipopiga kelele dirishani miguu haikuuma, sasa inauma nini?

Mke wake kanifungulia. Binti mpole, mjamzito. Kanipa kiti. Nikakataa, nikakaa chini kwenye mkeka, miguu nimeinyoosha, kanga begani, kama mtu anavyokaa msibani. Mwalimu akatoka chumbani. Nywele zimeanza kuota. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu. Akabaki amesimama.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yamekimbia yote. Nikasema tu: Nimekuja kukupa pole ya mama. Pole yenyewe, si ile nyingine.

Mke wake kakaa mkekani karibu yangu, kainamisha kichwa.

Nikamwambia yale maneno nimeyatunga mimi. Mtoto kayabeba tu. Nilidhani wewe ni Mngoni.

— Mimi Mmatengo, bibi.

Nimeambiwa, nikasema. Nimeambiwa Ijumaa, na Mngoni.

Hapo nilidhani atacheka kidogo. Hakucheka. Akasema — na sauti haikupanda, ningependa ingepanda — kwamba mwalimu hawashiki watoto wengi vile kwa fimbo, bibi, fimbo ya mtu mmoja haitoshi. Kinachoshika darasa ni kwamba watoto wanakuona mtu mzima. Siku ile nilionekana mtoto aliyefiwa, wakaliona hilo wote, wakacheka. Tangu siku hiyo nikigeukia ubao nasikia kicheko kile mgongoni. Sijui kama nitalishika tena lile darasa.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nafikiria mtihani wa Noela tu.

Nikageuza macho, sikuweza kumtazama. Ukutani, karibu na mlango wa chumba, kuna jembe limeegemezwa. Si jembe la dukani hili. La zamani, limelika mpaka limebaki nusu ya ulimi, linang'aa kama kijiko. Mpini mfupi, umefungwa kitambaa chekundu pale mkono unaposhika. Mke wake kaona naangalia. Kanong'ona: La mama. Kule kwao mlimani wanalima kwa mashimo, shamba zima mashimo, ili mvua isibebe udongo. Kalichimbia miaka yote. Ndicho kitu pekee alichokuja nacho.

Mungu wangu. Na sisi tulicheka jikoni — jembe lake tuletee!

Basi nikamweleza mwalimu habari ya Jane. Sikupanga. Nimemweleza mtoto alivyokaa msibani bila chozi, na Raimundi alivyoingia na kelele zake, na sufuria kichwani, na saluti, na Noela alivyocheka akalia akala. Nikamwambia huyu mtoto hakukutukana. Alikupa dawa iliyomponya yeye. Mimi ndiye niliyemwelekeza kwa mgonjwa asiye wake.

Mwalimu kalitazama lile jembe. Nje ngoma za Nane Nane zinasikika. Kisha kauliza jambo moja tu.

— Hilo sufuria. Mlimpa kweli?

Tulimpa, nikasema. Analo mpaka leo, anapikia chai kwenye reli. Mtani akiomba hanyimwi.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema rudi na mchele wako, bibi. Asante. Rudi nao.

Mchele wa pole umerudishwa. Sijawahi kurudishiwa mchele maishani mwangu. Nimeubeba barabara nzima, watu wanatoka kwenye sherehe, wananiuliza bibi umepata zawadi? Nimewajibu ndiyo.


Jumanne, 9 Agosti

Nimemwambia Noela. Nilimngoja arudi kwenye kisiki, nikampa maji ya kunawa. Viganja vina malengelenge, mengine yamepasuka. Nikamwambia mwalimu wako si Mngoni.

Alibaki na kata mkononi.

— Kwa hiyo nilimtukana kweli?

Nilikutuma mimi, nikamwambia.

— Lakini mdomo wangu ndio uliosema.

Mtoto ana majibu! Hata kwenye aibu ana majibu. Nikataka kumfokea. Nikampaka mafuta ya nazi viganjani. Baadaye kauliza bibi, Alhamisi utasema mbele yao? Nikasema nitasema. Kasema mzee Theodori atakucheka.

Hilo ndilo zito. Theodori ndiye mwenyekiti wa kamati. Tulisoma naye ngumbaru, wakati wa kisomo cha watu wazima. Alishindwa kutenganisha b na d mpaka mwalimu akakata tamaa, na mimi nimemkumbusha hilo kila harusi, kila ubatizo. Sasa nitasimama mbele yake niseme mimi Aurelia, mwenye cheti, sikujua tofauti ya Mngoni na Mmatengo. Atakula maneno hayo na wali mpaka anakufa.

Nimemwuliza Noela kwa nini hukunitaja. Kajibu kama namwuliza jambo la kijinga: Wangekuita. Ungegombana nao. Ungesema maneno halafu wangenifukuza siku ileile.

Nikamwambia nenda kalale.


Alhamisi, 11 Agosti

Naandikia hapa hapa kwenye benchi, nje ya ofisi. Nimekuja na daftari ili mikono isikae bure. Kamati wako ndani. Nimesikia sauti ya Theodori, anafungua kwa sala, ndefu kuliko ya padri. Mwalimu mkuu kaniambia nisubiri, nitaitwa. Nilipomwambia nina neno la kusema mbele yao, kashika mkono wangu kwa mikono miwili. Hakusema ameshajua.

Noela yuko kisikini. Kamati inamjadili na yeye anachimba! Kutoka benchi hili namwona vizuri. Upande mmoja umeachia, mizizi imetoka nje, lakini mzizi wa katikati haujasogea. Jembe la shule limechomoka tena. Anapigilia mpini kwa jiwe.

Darasa la saba wako ndani, mwalimu hajaingia. Kelele zimeanza. Kuna anayepiga dawati kama ngoma. Kwenye kile kioo kilichovunjika vichwa vimejazana, wanamwita, "Matanga! Matanga, umemkuta marehemu?" Noela hageuki.

Nilitaka kunyanyuka niwaendee na kiatu. Nimekaa.

Mwalimu Osward huyo anaingia getini. Kachelewa — hachelewi huyu. Ana kitu mkononi.

Ni jembe. Mpini mfupi. Kitambaa chekundu.

Hakwenda darasani. Hakuja ofisini. Kakata uwanja moja kwa moja mpaka kisikini. Vichwa dirishani vimenyamaza, hata dawati limenyamaza. Noela kasimama wima, mikono nyuma, kama anangoja fimbo. Mwalimu kalichukua lile jembe bovu la shule, kaliweka kando. Kampa la mama yake.

Kasema neno moja, nimelisikia mpaka hapa.

— Chimba.

Kageuka. Anakuja huku kwenye ofisi. Nilijiweka sawa kanga, nikangoja shikamoo yake ili niitikie. Kanifikia. Kaniangalia usoni, macho mekundu, midomo imebana. Kapita. Hakuniamkia.

Siku ile nilimtukana dirishani, kaniamkia. Nyumbani kwake nikiwa na aibu yangu yote mkekani, kaniamkia. Leo kapita kama sipo. Au kapita kama Raimundi, mtani haamkii mtani! Sijui. Kusoma nasoma, lakini uso ule umenishinda. Mwalimu akimpa mkosaji jembe kali zaidi, hiyo ni adhabu. Mtani akiomba jembe la marehemu, akapewa — hiyo nayo naijua ni nini. Lakini sisi si watani. Kaniambia mwenyewe, mimi Mmatengo, bibi.

Kaingia ofisini, kafunga mlango. Nasikia viti vinasogezwa. Sauti ya Theodori, kisha ya mwalimu mkuu. Yake siisikii.

Noela hajachimba. Kalishika jembe kwa mikono yote miwili, kidole gumba juu ya kitambaa chekundu, ananiangalia kutoka kule. Anangoja nimwonyeshe — acheke, au alie?

Mlango umefunguliwa. Theodori ananiita, kwa jina langu lote na la marehemu mume wangu. Darasa zima dirishani kimya, wanamwangalia Noela, na Noela ananiangalia mimi, na mimi nafunga daftari niingie nikaseme.